Ada imelipwa, lakini mtoto amekula?

Wiki tatu zilizopita nilikwenda Kimbiji kwa kazi nyingine kabisa. Nilikuwa nafuatilia habari ya kliniki ya watoto, na nilipomaliza nikakaa kwenye benchi la mama mmoja anayekaanga samaki, nikisubiri daladala ya kurudi Kigamboni. Mama alinisikia nikiongea na mhariri wangu kwenye simu mambo ya chanjo, akauliza kama mimi ni daktari.

"Hapana mama. Mimi mwandishi, naandika habari za afya."

"Lakini chuo umesoma?"

"Nimesoma, mama."

Akageuza samaki, akapunguza kuni chini ya karai, ndipo akaniambia: "Basi nieleze, mwanangu. Chuo chenyewe kidogo, wanafunzi wanajuana kwa majina. Si Mlimani huko watu wanakopotea. Sasa wangu kapotea vipi mle ndani?"

Binti yake ana miaka 20 na ndiye wa kwanza katika ukoo wao kufika chuo. Mwishoni mwa mwaka jana alianza stashahada ya maendeleo ya jamii katika chuo kidogo upande huu huu wa Kigamboni. Chuo sikitaji, kwa sababu jambo lenyewe lingeweza kutokea popote. Kutoka Kimbiji hadi kivukoni ni kilomita zipatazo 40, na kwenda na kurudi kila siku kungemaliza nauli na nguvu, kwa hiyo mama alimlipia kitanda hosteli. Ada akalipa, hosteli akalipa. Ili zitimie aliuza friza aliyokuwa anahifadhia samaki.

Miezi michache baadaye binti akarudi nyumbani na begi lake. Hakufukuzwa. Ila mitihani ya mwisho wa muhula hakufanya, kwa sababu alama zake za darasani hazikutimia. Majaribio mawili hakuyafanya, na kazi ya kikundi wenzake waliiwasilisha bila yeye. Siku hizo alikuwa kitandani, kichwa kinauma na tumbo linawaka moto. Kituo cha afya walimpima wakakuta bakteria wa tumbo, na damu yake ilikuwa 8.9. Mwanamke asiye mjamzito anatakiwa awe na 12 au zaidi.

Alikuwa anakula mara moja kwa siku. Siku nyingine chai na maandazi mawili, basi.

"Sasa mimi ndicho nisichoelewa," mama akasema. "Nimelipa ada. Nimelipa hosteli. Chakula si humo humo?"

Hapo nikaweka samaki chini.

Nimeandika haya kwa ruhusa ya mama na ya binti mwenyewe, na binti ameyasoma kabla hayajachapishwa. Swali la mama ndilo lililonifanya niyaandike. Tangu siku ile nimewauliza wazazi wengine, wa Temeke, wa Mbagala, hata jirani yangu mwenye kijana mwaka wa kwanza, na zaidi ya mmoja amenijibu kama yeye: mtoto yuko chuo, analala chuo, basi anakula chuo.

Huwezi kumlaumu mzazi. Mtoto wake ametoka sekondari ya bweni, na bweni ukilipa umelipa. Asubuhi uji, mchana ugali maharage, Jumapili wali. Mtoto anaweza kulalamika kwamba maharage yana wadudu, lakini hawezi kulala bila sahani. Miezi michache baadaye anapelekwa mahali panapofanana kwa macho: kitanda, madarasa, uzio, mlinzi getini. Tofauti ni kwamba hakuna kengele ya chakula. Kuna kantini, na kantini ni biashara ya mtu. Huna hela, hakuna atakayekuuliza mbona hukuja.

Na wazee wetu wanakumbuka vyuo vilivyokuwa vinapika kweli. Aliyesoma chuo kikuu miaka ya 1970 au 1980 alilipiwa na serikali, na alikula kwenye bwalo. Mambo yalianza kubadilika mwanzoni mwa miaka ya 1990, ulipoingia utaratibu wa kuchangia gharama. Chakula kikahama kutoka jikoni mwa chuo kikaingia mfukoni mwa mwanafunzi.

Hapa Kigamboni tuna mfano mzuri wa vyuo hivyo vya zamani. Chuo cha Kivukoni, ambacho leo ni Chuo cha Kumbukumbu ya Mwalimu Nyerere kwa sheria ya mwaka 2005, kilifunguliwa Julai 1961, miezi michache kabla ya Uhuru. Kiliigwa kutoka chuo cha Ruskin kilichopo Oxford, Uingereza, ambacho kilikuwa kinafundisha watu wazima, wafanyakazi wasiopata nafasi ya kusoma utotoni. Mwingereza Joan Wicken, aliyesoma Ruskin na baadaye akawa msaidizi wa Mwalimu kwa miaka mingi, alihangaika kutafuta fedha za kukianzisha. Wanafunzi walikuwa watu wazima, wachache, wanaishi pamoja na kusoma siasa, uchumi na mambo ya jamii. Wazo lilikuwa kwamba mtu asome mapana, abishane, aandike, kisha arudi kwa watu wake akiwa na kichwa kilichofunguka. Na ukiwa na watu wachache wanaolala na kula mahali pamoja, asiyeonekana mezani anajulikana.

Hilo la mwisho ndilo lililopotea. Vyuo vidogo bado tunavyo, na binafsi navipenda kuliko watu wanavyodhani. Mwalimu anakufahamu kwa jina, kazi yako ya kuandika inasomwa kweli, swali lako linajibiwa. Lakini meza ya chakula haipo tena, na hosteli nyingi ziko nje ya chuo, za watu binafsi. Kijana anaweza kukaa siku nne hajala cha maana na mwalimu anayemjua kwa jina asijue.

Nilimuuliza mama alikuwa anamtumia binti shilingi ngapi. "Elfu ishirini kila wiki. Ya nauli na matumizi madogo madogo."

Tukapiga hesabu hapo hapo kwenye benchi. Elfu 20 kwa siku saba ni kama 2,850 kwa siku. Humo mtoa bando, maana masomo na matangazo yote yako kwenye simu. Toa kopi za notisi. Toa taulo za kike, sabuni, maji ya kunywa. Kwa mama ilikuwa hela ya ziada juu ya chakula. Kwa binti hiyo ndiyo iliyokuwa chakula.

Wazazi wengine wanasema, si kuna mkopo? Wa shahada wanaopata mkopo wa Bodi wana fedha ya chakula na malazi, iliyopandishwa mwaka 2022 kutoka shilingi 8,500 hadi 10,000 kwa siku. Wenyewe wanaiita bumu. Inakuja kwa mafungu ya miezi miwili hivi, kwa hiyo kijana wa miaka 19 anashika laki sita siku moja, na usishangae wiki mbili za mwisho anakunywa uji wa chumvi. Ila wa cheti na stashahada wengi hawana kabisa. Mikopo ya stashahada ilianza mwaka wa masomo 2023/24, tena kwa fani chache zilizoteuliwa. Kwa hiyo kabla hujasema "si ana bumu," hakikisha analo.

Sasa nije kwenye upande wangu, afya.

Ubongo unatumia karibu moja ya tano ya nguvu yote ambayo mwili unaipata kwenye chakula. Kijana asiyekula asubuhi na mchana anaingia darasani saa nane akiwa macho, lakini haelewi. Kichwa kinauma. Anakwenda duka la dawa, ananunua vidonge vya maumivu, na vidonge kama diklofenaki na ibuprofeni ukivimeza mara kwa mara, tena tumbo tupu, vinaweza kuchubua ukuta wa tumbo. Usiku anataka kufidia alichokosa mchana, anakunywa kinywaji cha kuongeza nguvu, analala saa tisa, anaamka saa kumi na mbili. Mwili wa umri ule unahitaji usingizi wa saa saba hadi tisa, na usingizini ndimo ubongo unapopanga ulichosoma. Wiki mbili za namna hiyo na majaribio yamepita.

Tuondoe na dhana moja. Watu husema njaa imemletea vidonda vya tumbo. Njaa peke yake haileti vidonda. Wanaovileta zaidi ni bakteria aitwaye *Helicobacter pylori* na hizo dawa za maumivu nilizozitaja. Njaa na msongo wa mawazo huzidisha tu maumivu. Tofauti hii ina maana kubwa kwako mzazi, kwa sababu bakteria anapimwa na anatibika kwa dawa maalumu. Kumwambia mtoto anywe maziwa na ale kwa wakati, halafu basi, ni kumwacha na ugonjwa.

Na kwa wasichana ongeza damu. Utafiti wa kitaifa wa demografia na afya wa 2015-16 ulikuta asilimia 45 ya wanawake wa miaka 15 hadi 49 wana upungufu wa damu. Karibu nusu. Msichana anaondoka nyumbani akiwa tayari yuko chini, anakutana na chai ya rangi na chipsi, na kila mwezi anapoteza damu. Uchovu ukija anaambiwa mvivu.

Binti wa Kimbiji alikuwa na kadi ya bima. Bima ya wanafunzi kupitia NHIF imekuwa ikitozwa shilingi 50,400 kwa mwaka, na wengi wanailipa pamoja na ada bila kujua wameilipa. Kadi ilikuwa kwenye begi, ndani ya bahasha, haijawahi kutumika. "Sikujua inatumika wapi," aliniambia. Mzazi, muulize mwanao leo kadi iko wapi na kituo cha karibu kinachoipokea ni kipi. Kama hajui, aulize ofisi ya Mshauri wa Wanafunzi.

Ofisi hiyo nayo iandike kwenye daftari lako. Kila chuo kina Mshauri wa Wanafunzi au mlezi mwenye kazi hiyo. Huyu ndiye wa kuendewa mtoto akiumwa, akifiwa, akikwama kifedha. Kama binti yule angepeleka kwake barua na karatasi za hospitali kabla ya mitihani, kwa kawaida vyuo humruhusu mgonjwa kuahirisha mitihani au muhula, akaendelea baadaye bila kuonekana ametoroka. Yeye alikaa kimya, karatasi za chuo zikamsoma kama mtoro.

Kwa nini alikaa kimya? Nilimuuliza mwenyewe. Alikuwa amekuja na ndoo ya maji, akakaa pembeni ya mama yake, macho chini.

"Ningeanzaje, dada? Friza limeshauzwa."

Mama akaacha kugeuza samaki.

Mimi sikuwa na la kumfundisha, kwa sababu nilishawahi kufanya vilevile na sababu yangu ilikuwa ndogo kuliko yake. Mwaka wa pili chuoni nilipata sapu ya takwimu. Baba aliponipigia nikamwambia nimefaulu yote. Septemba nikarudi chuoni wiki mbili kabla ya wenzangu nikidai kuna semina, nikafanya mtihani wa marudio nikiwa nimekonda, nikafaulu kwa alama za kubahatisha. Baba nilimwambia nilipokwisha kuajiriwa. Hakukasirika. Alisema tu, "Jirani yetu alikuwa mwalimu wa hesabu. Ningemwomba." Miezi minne nililala na ile siri, na msaada ulikuwa nyumba ya pili.

Kwa wasioyajua maneno haya: sapu ni mtihani wa marudio kwa somo ulilofeli. Kerio ni kulibeba somo mpaka mwaka unaofuata. Disko ni kuondolewa chuoni kwa kufeli. Ukimsikia mwanao akinong'ona moja kati ya haya kwenye simu, umeshaelewa. Na jua kwamba vyuo vingi haviamui kwa mtihani wa mwisho tu. Alama za darasani huchukua sehemu kubwa, mara nyingi 40 kwa 100, na bila hizo huingii chumba cha mtihani. Kwa hiyo kusubiri matokeo ya mwisho wa muhula ni kuchelewa. Kwenye wiki ya sita au ya saba majaribio ya kwanza huwa yameshafanyika. Hapo ndipo pa kuuliza.

Namna ya kuuliza nayo ni kazi. Ukisema "masomo yanaendaje?" utajibiwa "vizuri." Sote tulijibu hivyo. Muulize amekula nini jana mchana, na alikula wapi, na sahani ni shilingi ngapi. Huwezi kudanganya vizuri kuhusu bei ya sahani. Muulize jina la mwalimu mmoja anayemwelewa. Kama yuko chuo kidogo na muhula umefika katikati hana hata jina moja la kukutajia, pana kitu. Mwombe akuonyeshe alama kwenye akaunti yake, kwenye simu, mkiwa mmekaa pamoja. Ni mtu mzima, chuo hakiwajibiki kukuletea matokeo yake, na ukimvamia ataficha vizuri zaidi. Ila vijana wengi wataonyesha kwa mzazi ambaye ameanza kwa chakula.

Kuna wazazi watasema hawana cha kuongeza. Najua. Lakini angalau kitu kinachotoka nyumbani kisidharauliwe. Kimbiji kuna samaki, kuna mihogo, kuna nazi. Dagaa wakavu waliokaangwa wakakolea wanakaa siku nyingi bila friji, na wana protini, madini ya chuma na kalisi. Maharage yaliyochambuliwa, unga, karanga. Chungwa au embe pamoja na chakula husaidia mwili kuchukua madini ya chuma. Chai ya rangi juu ya chakula huyazuia, bora inywewe baada ya saa moja hivi. Hosteli nyingine zinakataza kupika chumbani kwa sababu ya moto, na hiyo ni sababu ya haki, kwa hiyo ulizia kabla hujanunua jiko. Wanafunzi watatu wakichanga kwa mama ntilie mmoja na kulipa kwa wiki, mara nyingi hupunguziwa, na faida nyingine ni kwamba mama ntilie atauliza: mwenzenu yuko wapi leo? Hiyo ndiyo meza ninayoizungumzia.

Na tusiwabeze kwa chuo walichopata. Mama alinisimulia kwamba shemeji yake alisema msibani, mbele za watu, "maendeleo ya jamii, hicho nacho ni chuo?" Binti alikuwepo. Mtoto aliyeambiwa kwamba chuo chake si chuo hawezi kurudi kusema kimemshinda. Zaidi ya hapo si kweli. Anayejifunza jinsi ya kukaa na kikundi cha akina mama wa vikoba, kusikiliza, kuandika taarifa na kupigania bajeti ya kisima, huyo anatafutwa. Kimbiji yenyewe inawahitaji wangapi?

Binti sasa anameza dawa za damu na amemaliza zile za tumbo. Barua kwa Mshauri wa Wanafunzi tuliiandika pale pale kwenye benchi, kwenye karatasi ya daftari langu, na nakala za hospitali tukaziambatanisha. Amejibiwa kwamba aripoti mwaka mpya wa masomo utakapoanza. Ataanza muhula ule ule upya, na ada ya muhula huo italipwa tena. Friza halijarudi.

Daladala yangu ilipofika mama hakuniaga mara moja. Alikuwa amemgeukia binti.

"Hebu niambie. Sahani ya wali maharage pale chuoni kwenu bei gani?"

"Elfu mbili, mama. Ukiweka samaki elfu tatu na mia tano."

"Elfu tatu na mia tano? Samaki gani huyo?"

"Mdogo tu. Kama huyo wa mwisho hapo."

Mama akamtazama yule samaki kwenye karai kwa muda. Kisha akauliza kama hao wanaouza pale chuoni huwa wananunua samaki kwa nani.